Baba wa Kwenye Fomu

Kwa majuma matano ya baridi moja niliogopa bahasha. Niliishi Don Mills, jijini Toronto, wakati ule, ghorofa ya tisa, na visanduku vya barua vilikuwa chini, ukutani, karibu na lifti. Kila alasiri nilifungua kisanduku chetu huku nimegeuza uso pembeni, kama mtu anayefunua sufuria ya mafuta yanayochemka. Nilikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, nimevuka mipaka minne, nimelala kwenye stendi za mabasi za nchi ambazo lugha zao sikuzijua, na sasa nilikuwa naogopa karatasi.

Yote yalianzia kwenye fomu ya mpira wa wavu.

Nilifanya kazi katika shule ndogo ya sekondari huko North York. Jengo lilikuwa zamani la ofisi, na ukumbi wa michezo ulikuwa ghala la mazulia. Siku za joto sakafu bado ilitoa harufu ya gundi. Funguo zote zilikaa kwangu. Nilipiga deki, nilibadilisha taa, nilimwaga chumvi kwenye ngazi kuyeyusha theluji, na masomo yakiisha niliendesha basi dogo la shule kuwapeleka wasichana kwenye mechi. Wasichana wenyewe walikuwa saba. Timu ni watu sita, na wa saba alikuwa na pumu.

Shule za jiji zisingecheza na sisi. Zile ni shule zenye timu ya kwanza, ya pili, na benchi la akiba linaloweza kujaza basi. Kwa hiyo shule yetu ilijiunga na shirikisho la shule ndogo za mashambani, kaskazini, ukishaipita Richmond Hill na ukaendelea mpaka nyumba zinapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza. Shule zenyewe zilikuwa sita pamoja na yetu. Moja ilikuwa imesimama peke yake katikati ya shamba, na upepo ukivuma kutoka mabandani ilinuka ng'ombe mpaka ndani ya ukumbi. Wasichana walibana pua. Mimi nilivuta hewa. Nimezaliwa Singida, na kwa dakika mbili tatu pale kwenye maegesho nilikuwa nimefika nyumbani, halafu baridi inanikumbusha.

Ligi ile ilikuwa na desturi zake. Haikuwa na watu wa kulipwa. Mwenyeji alipika, mara nyingi maharage na nyama ya kusaga kwenye sufuria kubwa, na timu zote mbili zilikula pamoja baada ya mechi, washindi wakiwapakulia walioshindwa. Na kila shule ilitoa mtu mmoja wa kushika bendera kwenye mstari. Mpira ukianguka nje unainua bendera, ukianguka ndani unaishusha. Kwa upande wa mgeni, kazi hiyo ilikuwa ya dereva. Hivyo kila mechi nilisimama pembeni na kibendera chekundu, nimekodoa macho chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Msichana aliyekuwa mrefu kuliko wote, aliyepiga smashi mpaka watu wa mashambani wakageuziana vichwa, alikuwa binti yangu. Kaka yangu ndiye aliyemzaa. Ninyi mnaosoma hamhitaji nieleze zaidi.

Alikuja mwezi wa Agosti, akiwa na miaka kumi na sita. Kaka alinipigia simu akaniambia, "Mchukue mwanao akasome," nami nikamchukua. Vibali vilishughulikiwa na wakili mmoja mwenye haraka, aliyejaza mwenyewe kila kitu: mwanafunzi huyu, mlezi wake huyu, wazazi wake hawa. Mimi niliweka sahihi pale aliponionyesha. Kibali kilikuwa cha miezi michache tu, kikafuatiwa na maombi ya kukiongeza, ambayo baridi ile ilipofika yalikuwa bado mezani kwa mtu fulani, mahali fulani. Wasipoongeza, mtoto anarudi. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza.

Miezi miwili ya mwanzo hakuzungumza. Alinisalimu asubuhi, "Shikamoo Baba Mdogo," akala, akaenda shule, akarudi, akakaa dirishani kuangalia magari ya barabara kuu. Nilidhani nimeleta mtu mgonjwa. Halafu mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye pia aliyekuwa kocha, akamwona akirukia kitasa cha juu cha mlango wa stoo kuchukua ndoo. Jioni ile mtoto alirudi akiwa na mikono myekundu mpaka kwenye kiwiko, na kwa mara ya kwanza alinisimulia jambo kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Siku ya pili akaleta fomu ya shirikisho. Palikuwa na visanduku vitatu vya kuweka alama: baba, mama, mlezi. Niliijaza jikoni, nimesimama, maji ya ugali yanachemka. Neno mlezi lilinikaa vibaya. Mlezi ni mtu wa kituo cha watoto wasio na ndugu. Huyu ana watu. Nikaweka alama kwenye baba, nikasaini, nikakoroga ugali.

Mkasa wenyewe niliuleta kwa mdomo wangu, mezani, nikiwa nimeshiba.

Ilikuwa mechi ya ugenini, kwenye ile shule ya katikati ya shamba, mapema mwezi wa Januari. Kocha wa wenyeji alikuwa mkulima, mtu mnene mwenye vidole kama ndizi mbivu, mpole kabisa. Alikaa karibu nami na bakuli lake.

"Binti yako ana mkono," akasema. "Umemlisha nini?"

"Ugali. Ninyi huku mahindi mnawapa ng'ombe. Sisi tunakula wenyewe."

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mlikuja lini Canada?"

"Mimi huu mwaka wa tisa. Yeye amekuja Agosti."

"Na mama yake?"

"Yuko nyumbani Singida. Na baba yake. Wazima wote, namshukuru Mungu."

Aliacha kutafuna. "Baba yake?"

"Kaka yangu."

"Samahani. Nilidhani wewe ndiye baba yake."

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni baba yake. Yule ni baba yake aliyemzaa."

Alinitazama kwa muda, kisha akatazama bakuli lake. Hakuwa na ubaya. Hata leo sina kinyongo naye. Lakini nilimwona akinyanyuka kwenda kunong'ona na mama mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekuwa anapakua chakula, na yule mama akanitazama juu ya mvuke wa sufuria. Sikujua alikuwa nani.

Barua ilifika shuleni baada ya juma moja. Mwalimu wa hesabu alinifuata nayo mpaka chumba cha boila, ile mashine ya kupasha jengo joto. Yeye ni Mkenya wa Nakuru, mwanamke mfupi anayetembea kwa haraka, na siku zote aliniita Dere kwa kuwa naendesha basi. Alipenda kunitania kwamba sisi Watanzania tunaomba samahani hata mlango ukitugonga. Siku ile hakutania.

"Dere, kaa chini."

"Hakuna kiti humu, Mwalimu."

"Basi simama vizuri." Akanisomea. Shirikisho lilitaka kuthibitisha uhusiano wa mchezaji na aliyesaini fomu yake. Lilitaka cheti cha kuzaliwa, na barua kutoka kwa mzazi. Na lilitaka mimi nifike mbele ya kamati, Ijumaa ya mwisho wa Februari, saa kumi alasiri, katika maktaba ya shule ya mwenyekiti.

Nilimuuliza kwa nini watu wa mpira wa wavu wanataka cheti cha kuzaliwa.

"Kwa sababu kuna shule iliwahi kuleta majitu marefu kutoka ng'ambo, wakafunga kila mtu, wakapotea na kombe," akasema. "Tangu hapo, mwanafunzi akitoka nje ya nchi na haishi na mzazi, hachezi mwaka wa kwanza bila ruhusa ya kamati. Ungeweka alama kwenye mlezi, tungeomba ruhusa, wangetupa."

"Sikujua."

"Wewe hukujua. Mimi nilijua." Alikunja ile barua mara mbili, akaikunjua. "Kila siku namsikia huyu mtoto akikuita Baba Mdogo. Nikaona fomu imeandikwa baba, nikasema sawa, nikaipeleka. Nimelelewa na baba mdogo mimi, mpaka nikaolewa. Sikuona kosa hata moja, Dere. Nimeisoma mara mbili."

Boila iliwaka nyuma yetu kwa kishindo, kama inavyofanya, na wote wawili tukaruka.

Hapo ndipo hofu ilipoingia, na nitaieleza ilivyokuwa kwa sababu najua wengine wameishi nayo bila kusema. Mpira haukuniogopesha. Niliogopa kwamba sasa kulikuwa na karatasi mbili zenye sahihi yangu. Ya uhamiaji ilisema mlezi. Ya shirikisho ilisema baba. Katika maegesho ya kanisa letu, ambako watu wetu hufundishana mambo ya serikali huku magari yakipata joto, nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba ofisi zote za nchi hii zinakula sahani moja. Ukidanganya maktaba, benki inajua. Niliamini. Nilimwona mtu mezani na faili la mtoto, ameshika muhuri, halafu mwenzake anaingia na ile fomu ya mpira. Ebu angalia hii, anasema.

Usingizi ulikatika. Chakula kilinishinda. Simu ya ofisi ikilia nikiwa napiga deki korido, niliacha kusukuma mpaka nisikie katibu akicheka, ndipo nikajua si wao. Nilianza kukumbuka makosa ya zamani ambayo hayakuhusiana: tiketi ya basi ya Durban niliyosafiria mara mbili, jina la kijiji nililoliandika vibaya kwenye fomu ya viza. Kila kitu kilikuwa kinakuja kunidai maelezo.

Mtoto sikumwambia. Nakala ya barua niliificha ndani ya kopo la unga wa sembe, katika mfuko wa plastiki, chini kabisa.

Nilimpigia kaka. Nilitaka anigombeze, nipumue. Nilimweleza polepole, kadi ya simu ikila dakika.

"Sasa kosa ni lipi?" akauliza.

"Nimeandika mimi ni baba yake."

"Kwani ulitaka uandike nani? Mwenye nyumba?"

"Kaka, huku baba ni mmoja."

"Mmoja tu? Akifa je?"

"Kaka, sikiliza. Wanataka barua yako."

"Watapata barua," akasema, na nikamsikia amekasirika kwa niaba yangu, jambo lililonitisha zaidi. "Mimi nitawaandikia hao. Wewe kula. Sauti yako imekonda."

Kabla ya siku ya kamati tulikuwa na mechi moja zaidi, na barua ya shirikisho ilisema mchezaji aendelee mpaka uamuzi utoke. Tukaenda tena kule shule ya shambani. Yule mama wa nywele nyeupe alikuwapo tena na upawa wake, na sasa nilijua: ndiye mwalimu mkuu wa pale, na ndiye mwenyekiti wa kamati. Nilishika bendera yangu nikiwa na jasho, na nje ni baridi ya kukata masikio.

Seti ya tatu ilifika kumi na nne kwa kumi na nne. Mpira uliinuliwa vizuri, binti yangu akaruka, nikasikia ule mlio wa kiganja chake. Mpira ulishuka mbele yangu kabisa. Ulianguka nje ya mstari kwa upana wa kidole.

Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Refa aligeuka kunitazama. Wasichana wetu walikuwa wameanza kushangilia. Ningeshusha bendera tu, basi. Na nasema kweli, kilichoinua mkono wangu hakikuwa uadilifu, ni woga. Nilikuwa na uongo mmoja ambao sikujua kama ulikuwa uongo, na sikuwa na mahali pa kuweka wa pili. Bendera ikapanda. Pointi ikaenda kwao, na iliyofuata pia, mechi ikaisha.

Kwenye basi mtoto alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Tulipofika Don Mills na wenzake wote wameshashuka, akaja mbele.

"Umetumaliza, Bamdogo."

"Ulitoka ule."

"Najua ulitoka," akasema. "Niliuona."

Nyumbani akarudi kukaa dirishani, kama ile miezi miwili ya mwanzo.

Barua ya kaka iliingia kwa faksi ya shule asubuhi ya Ijumaa ile, kutoka duka la vifaa vya ofisi la Singida mjini. Aliiandika kwa Kiswahili, na mwalimu wa sekondari wa jirani akaiweka kwa Kiingereza chini yake. Mwalimu wa hesabu aliisoma akiwa amesimama karibu na mashine, akaweka mkono mdomoni. Ilisema hivi: Mimi ndiye niliyemzaa binti huyu. Mdogo wangu ni baba yake. Nikiwa hai ni baba yake, nisipokuwa hai ni baba yake. Mtoto huyu ana baba wawili na wote ni wazima. Kama mnataka wa tatu, yupo Dodoma.

"Dere," akasema taratibu, "hii tunaipeleka?"

"Wameomba barua ya mzazi."

"Nisaidie Mungu," akasema, akaiweka kwenye bahasha.

Tulikwenda watatu: mimi, yeye na mtoto, ambaye kamati ilitaka naye awepo. Mtoto aliambiwa tu kwamba ni mambo ya usajili. Tulipopita Richmond Hill theluji ilianza kuanguka ya kupeperuka, ile inayofuta barabara na kukuachia weupe mbele na weupe nyuma. Nilifuata taa nyekundu za gari la kukwangua theluji. Na pale nitakiri jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Palikuwa na njia panda. Kushoto ni shuleni. Moja kwa moja ni barabara kuu ya kaskazini inayokwenda tu, siku mbili, siku tatu, hadi miji ambayo majina yake nimeyaona kwenye vibao. Mimi ni mtu wa kuondoka. Niliishia kidato cha nne nikaondoka Singida, nikaondoka Arusha, nikaondoka Mombasa, nikaondoka Durban, na kila mara niliondoka siku moja kabla mambo hayajanifikia. Mguu wangu ulisita kwenye breki. Nikasikia kiti cha nyuma kikilia, mtoto amejigeuza tu. Nikakata kushoto.

Maktaba ilikuwa ya watoto wadogo pia, kwa hiyo viti vilikuwa vifupi, na tulikaa wote magoti yakiwa karibu na kidevu: mimi, Mwalimu, mtoto, na watu watano wa kamati akiwemo yule mkulima, aliyekwepa macho yangu. Mwenyekiti alivaa miwani. Alisoma fomu. Alisoma cheti cha kuzaliwa. Alisoma barua ya kaka, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Mtu mmoja alimuuliza, "Inasemaje?" akampa. Ikazunguka meza nzima. Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka.

"Kwa hiyo," mwenyekiti akaniuliza, "wewe ni baba yake au siye?"

Kiingereza changu, ambacho kilinitosha miaka tisa, kiliniacha. Mwalimu wa hesabu akafungua mdomo, lakini mwenyekiti alikuwa amemgeukia mtoto.

"Unaishi na nani, binti?"

"Na yeye."

"Ni nani kwako?"

Mtoto alinitazama. Halafu akajibu kwa Kiingereza, kwa neno lile la huku linaloweka baba mdogo na mjomba kapu moja, lisilosema mtu ametoka upande upi wala kama ana haki ya kukugombeza. Lilikuwa jibu sahihi, na kila mtu pale mezani alionekana kupumua. Mimi nililisikia kama mlango wa nyuma umefunguliwa katikati ya baridi.

"Ni kweli," nikasema. "Mimi ni mlezi. Niliandika vibaya. Mimi, si shule, wala si mtoto."

"Na mimi niliipitisha," akasema Mwalimu.

Tulitolewa nje. Tulisimama kwenye korido dakika kama kumi, tukitazama picha za timu za zamani ukutani, wasichana waliovaa soksi ndefu ambao sasa bila shaka walikuwa bibi za watu. Mtoto alikuwa anatetemeka. Nilidhani ni baridi, nikampa koti langu.

Tuliporudi mwenyekiti alisema bila kuzunguka. Mechi zote alizocheza tumepokonywa. Kanuni ni moja kwa wote na hawezi kuipinda. Hiyo iliturusha mpaka mkiani, na mashindano ya mwisho wa msimu tukayakosa. Ruhusa ya kucheza anapewa kuanzia siku ile.

"Na hii fomu sikuipeleka kwa mtu mwingine yeyote," akaongeza, akivua miwani, "kwa sababu nilikuwa nimesimama na sufuria yangu siku ile ulipoinua bendera dhidi ya mtoto wako. Mtu mwenye hila asingeinua."

Nilipaswa kushukuru, kisha ninyamaze. Lakini hofu ya majuma matano haiishi kwa sentensi moja.

"Hizi karatasi," nikauliza, "zinakwenda wapi?"

"Kwenye faili."

"Na faili linakwenda wapi?"

Alinitazama, halafu akaelekeza kidole kwenye kabati la chuma pembeni, ambalo juu yake palikuwa na mpira uliokwisha upepo. "Linakwenda mle. Sisi ni ligi ya mpira wa wavu, bwana. Kabati lenyewe halifungi."

Yule mkulima ndiye aliyecheka kwanza. Alipotupeleka mlangoni aliniomba radhi, akanipa mfuko wa mahindi yake makavu, nikayasage tuone kama ugali wake utatoka. Njia nzima ya kurudi Mwalimu alisema kitu kimoja tu, tulipouona mnara wa kwanza wa jiji. "Wa tatu, yupo Dodoma," akasema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikuweza.

Tulipofika nyumbani, mtoto aliingia kwanza. Nilipofunga mlango nikaliona begi lake, lile la bluu alilokuja nalo Agosti, limesimama nyuma ya mlango wa chumba chake, limefungwa zipu, koti la safari limekunjwa juu yake.

"Hili nini?"

"Nilipanga nguo Jumapili," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Hujanywa chai wiki ngapi, Bamdogo? Halafu nilikuwa natafuta unga."

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni na koti langu mwilini. Nikamuuliza, maana lilikuwa bado limenikwama, kwa nini amejibu vile mbele ya watu, kama mimi ni mtu wa upande wowote tu. Alianza kuokota uzi kwenye mkono wa sweta.

"Nilisoma kwenye barua, umesaini kwamba wewe ni baba. Nikajua nikisema ni baba, wamekukamata na uongo. Watakufunga. Halafu mimi watanirudisha. Nikapanga nguo kabisa, wakija wasikusubirishe kwa sababu yangu."

Mimi nilikuwa namficha hofu yangu kwenye kopo la unga, na yeye alikuwa anaificha ya kwake nyuma ya mlango, hatua sita kutoka pale. Kibali kilikuwa bado hakijatoka. Bahasha yake ingeweza kuja Jumatatu au Aprili, na kusema lolote. Hilo halikuwa limebadilika. Lakini nililiinua lile begi, nikalifungua kitandani kwake, nikamwambia apange nguo kabatini kama mtu anayeishi humu. Likiwa tupu nililipandisha juu ya kabati, kwenye vumbi.

Alinitazama nikishuka kwenye kiti.

"Na la kwako?"

"La kwangu lipi?"

"La chini ya kitanda. Nalisukumaga nikifagia. Limejaa."

Sikuwa nimejua kwamba kuna mtu anajua. Nililivuta. Nilikuwa nimelipanga mwaka wangu wa kwanza Toronto na sijalifungua tangu hapo: mashati mawili, taulo, cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, suruali ya kaki niliyonunua Durban kwa ajili ya safari yoyote itakayofuata. Mtoto aliishika suruali, akaipima kwenye kiuno changu mbele ya kioo, na pande mbili hazikukutana hata kwa kulazimisha.

"Hii ungekimbia nayo wapi, Baba?" akasema, akaenda kuweka maji ya ugali.